Mgawo wa Susan Wojcicki

Anayefungua akaunti ya AdSense akiwa Dar es Salaam au Mombasa hufika mahali ambapo mashine inagoma kumlipa mpaka kwanza bahasha ije. Mapato yake yakigusa dola 10, Google humtumia barua ya karatasi yenye namba ya siri, ili kuhakikisha kwamba yupo kweli na kwamba anwani aliyoandika ni yake. Huku kwetu barua hailetwi mlangoni. Inakwenda sanduku la posta, na kijana wa miaka 22 mwenye simu na chaneli ya vichekesho hana sanduku. Ataazima la shule aliyosoma, la kanisa, la ofisi ya mjomba. Kisha atasubiri wiki mbili, tatu, nne, na wengine huomba barua ya pili baada ya ile ya kwanza kupotelea njiani. Ikishafika, ataingiza namba, na siku salio lake litakapotimia dola 100 fedha zitatumwa.

Mwanamke aliyesimamia kuzaliwa kwa mfumo huo mwaka 2003 aliitwa Susan Wojcicki. Karibu kila anayeandika habari zake huanzia kwenye gereji: kwamba mwaka 1998 aliwapangisha Larry Page na Sergey Brin gereji ya nyumba yake, na humo Google ikaanza maisha. Kisa ni kitamu, tena ni cha kweli, ila kimemfunika. Kinamfanya aonekane mama mwenye nyumba aliyebahatika kupata wapangaji wazuri. Kumbe kwa miaka 24 iliyofuata alikuwa na kazi nzito kuliko hiyo. Alikuwa miongoni mwa watu wachache sana walioamua nani alipwe kwenye intaneti, alipwe kiasi gani, na kwa masharti yapi.

Alizaliwa tarehe 5 Julai 1968 huko California. Baba yake, Stanley, mzaliwa wa Poland aliyeondoka nchini kwao akiwa bado mtoto, alikuwa profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Stanford. Mama yake, Esther, alifundisha uandishi wa habari katika sekondari ya Palo Alto. Mabinti walikuwa watatu, wakakulia katika nyumba za maprofesa ndani ya eneo la chuo. Janet alikuja kuwa mtafiti wa afya. Anne, kitinda mimba, alianzisha kampuni ya vipimo vya vinasaba ya 23andMe na kwa miaka kadhaa alikuwa mke wa Sergey Brin. Susan ndiye mkubwa, na katika wote waliopanda ngazi za juu za Google miaka ile, yeye hakuwa mtu wa kompyuta. Pale Harvard alisoma historia na fasihi, akamaliza mwaka 1990, na somo lake la kwanza la kompyuta alilichukua akiwa mwaka wa mwisho. Baadaye akapata shahada ya uzamili ya uchumi, kisha nyingine ya biashara kutoka UCLA mwaka 1998, akaajiriwa idara ya masoko ya Intel. Ni vizuri kulikumbuka hilo la uchumi. Katika maamuzi yake makubwa, utamwona mchumi anayepiga hesabu kabla ya kumwona mpenzi wa teknolojia.

Gereji yenyewe tuimalize haraka. Nyumba ilikuwa namba 232 Mtaa wa Santa Margarita, Menlo Park. Susan na mumewe, Dennis Troper, walikuwa wamefunga ndoa mwezi Agosti 1998, mkopo wa nyumba ukiwa shingoni, na vijana wawili wa Stanford walihitaji mahali. Wakakubaliana kodi ya dola 1,700 kwa mwezi. Usiku walikuwa wakikaa pamoja wakila piza na peremende za M&M's, wapangaji wakimsimulia mwenye nyumba jinsi mtambo wao wa kutafuta utakavyobadilisha dunia. Yeye alikuwa anawaza kodi. Baada ya miezi kama mitano walihama kwenda Palo Alto, na jambo lililomgeuza Susan halikutokea gerejini hata kidogo. Siku moja akiwa kazini Intel, Google iligoma kufunguka, akajikuta amekaa tu: bila mtambo ule hakuweza kufanya kazi yake. Mwaka 1999 akaacha ajira ya kampuni kubwa, akiwa na ujauzito wa miezi minne, akajiunga nao kama mfanyakazi wa 16. Walimpa cheo cha meneja wa masoko, wa kwanza kabisa, katika kampuni isiyokuwa na bajeti ya masoko.

Tulio nje ya biashara ya matangazo tumesahau hali ilivyokuwa kabla ya 2003. Gazeti kubwa lenye tovuti lilikuwa na maofisa wa kuuza nafasi, walioketi na kampuni za magari na benki wakapatana bei. Mwalimu aliyekuwa na tovuti ya kufundisha kusuka kapu, au mvuvi aliyeandika kila wiki kuhusu chambo, hakuwa na pa kuanzia. Wasomaji wake 3,000 walikuwa na thamani, ila hakuna aliyejua namna ya kuipima thamani hiyo, na gharama ya kupatana naye ingezidi pesa ambazo angelipwa. Google nayo, tangu Oktoba 2000, ilikuwa na AdWords, iliyoanza na wateja wapatao 350 waliolipia matangazo mafupi ya maandishi kando ya majibu ya utafutaji. Ilikuwa biashara nzuri, lakini iliishia kwenye ukurasa wa Google wenyewe. Mtu akishabonyeza jibu akaenda zake, alikuwa ameondoka na pesa yake.

Wazo la kumfuata huko anakokwenda lilitoka kwa watu kadhaa. Mhandisi Paul Buchheit, aliyekuwa akitengeneza Gmail, alijaribu programu inayosoma barua na kuweka tangazo linaloendana na maneno yaliyomo. Kampuni ndogo iitwayo Applied Semantics, iliyonunuliwa Aprili 2003 kwa dola milioni 102, ilikuwa na mashine ya kusoma ukurasa na kung'amua unahusu nini, pamoja na jina, AdSense. Wojcicki, aliyekuwa ameshahama masoko na kuingia upande wa bidhaa, alikabidhiwa kuvifunganisha vitu hivi viwe kitu ambacho mvuvi anaweza kukitumia bila kumpigia mtu simu. Nacho kilikuwa rahisi kupita kiasi. Unanakili mistari michache ya msimbo, unaibandika kwenye ukurasa wako, basi. Mashine inasoma maandishi kuhusu chambo, inapiga mnada kwa kufumba na kufumbua miongoni mwa wauza mishipi na mashua, na tangazo la mshindi linatokea. Msomaji akilibonyeza, muuzaji anatozwa, Google inakata chake, kilichobaki ni cha mvuvi. Kazi ya dalali, kwa ufupi, isipokuwa dalali huyu hakutaka kujua wewe ni nani.

Kwa miaka saba Google haikusema inakata kiasi gani. Mwaka 2010 ndipo ilipotangaza kwamba mwenye ukurasa hupata asilimia 68. Wakati huo mfumo ulikuwa umeshakuwa nguzo. Mwaka 2004, Google ilipoingia soko la hisa, mapato yake yalikuwa takribani dola bilioni 3.2, na karibu nusu yaliletwa na tovuti za washirika, kuanzia AOL hadi tovuti za mtu mmoja mmoja. Waanzilishi walimpa Wojcicki tuzo ya juu kabisa ya ndani ya kampuni.

Wezi nao walifika mapema. Watu waliweka kompyuta zibonyeze matangazo usiku kucha, na washindani walibonyeza matangazo ya wenzao ili kuwamalizia bajeti. Mwaka 2006 Google ilikubali kumaliza kesi ya wenye matangazo huko Arkansas kwa dola milioni 90. Zikazuka pia kurasa zisizo na msomaji wala mwandishi, zilizopangwa maneno kwa ajili ya kunasa matangazo tu. Hapa ndipo ninapoona mbegu ya taabu zake zote za baadaye. Ukimlipa kila mtu bila kumjua, utamlipa mwalimu wa kapu na tapeli kwa kiwango kilekile, na mashine ya mnada haina macho ya kuwatofautisha.

Wakati huohuo alikuwa akisimamia Google Video, iliyoanza Januari 2005. Alipenda kusimulia kwamba video ya kwanza kupakiwa na mtu wa kawaida ilikuwa ya mwanasesere wa manyoya ya zambarau akiimba maneno asiyoyaelewa. Yeye aliona upuuzi. Watoto wake walicheka wakataka irudiwe. Nyingine aliyoitaja mara kwa mara ni ya wanafunzi wawili nchini China wakijifanya kuimba wimbo wa Backstreet Boys bwenini, huku mwenzao nyuma akiendelea na kazi zake kana kwamba hakuna kinachotokea. Kutokana na hizo aliamini kwamba watu watataka kutazama watu kama wao, hata pasipo studio wala taa.

Tatizo ni kwamba waliokuwa wakitazamwa walikuwa kwingine. YouTube, iliyoanzishwa Februari 2005 na vijana watatu waliotoka PayPal, Chad Hurley, Steve Chen na Jawed Karim, ilifanya kazi juu ya mkahawa wa piza mjini San Mateo na ilikuwa inaishinda Google Video waziwazi. Video yake ya kwanza, sekunde 19 za Karim akiwa mbele ya tembo katika bustani ya wanyama ya San Diego, ilipakiwa tarehe 23 Aprili 2005. Mwaka uliofuata Wojcicki alikubali jambo ambalo wakubwa wengi hawalikubali, kwamba bidhaa yake imeshindwa. Yeye na Salar Kamangar walitengeneza haraka jedwali la makadirio kuonyesha bodi kwamba mshindani huyo anastahili kununuliwa. Oktoba 2006 Google ilitoa hisa zenye thamani ya dola bilioni 1.65 kwa kampuni yenye umri wa miezi 20 na kesi za hakimiliki zikinukia. Mkuu wa Google, Eric Schmidt, alikuja kukiri kiaponi kwamba kwa hesabu zake yeye YouTube ilikuwa na thamani ya dola milioni 600 hadi 700 tu. Zilizozidi zililipwa ili mwingine asiipate.

Ununuzi wa pili alioupigania ulikuwa mkubwa karibu maradufu na hauzungumzwi sana: DoubleClick, dola bilioni 3.1, uliotangazwa Aprili 2007. Hiyo ndiyo mitambo ambayo magazeti makubwa yalitumia kupanga na kuuza matangazo yao. Kwa AdSense Google ilikuwa na wadogo. Kwa DoubleClick ikapata wakubwa pia, na ikawa imekaa upande wa muuzaji, upande wa mnunuzi, na katikati penye mnada. Wasimamizi wa ushindani wa Marekani na Ulaya waliuruhusu. Aprili 2025 jaji wa mahakama ya shirikisho katika jimbo la Virginia aliamua kwamba Google ilijijengea ukiritimba kinyume cha sheria katika sehemu ya soko hilo. Hukumu hiyo haikumkuta Wojcicki hai, wala haikuwa kesi yake binafsi, lakini anayetaka kupima urithi wake asiishie kwenye gereji na YouTube. Aisome na hiyo.

Katikati ya yote haya alizaa watoto watano. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchukua likizo ya uzazi Google, na hilo hakuliacha liwe jambo lake la nyumbani. Desemba 2014, akiwa anakaribia kujifungua wa tano, aliandika katika Wall Street Journal akitetea likizo ya uzazi yenye malipo nchini Marekani, taifa tajiri lisilo na sheria ya shirikisho ya kuitoa kwa waajiriwa wote. Hoja yake ilikuwa ya hesabu: Google ilipoongeza likizo kutoka wiki 12 hadi 18 mwaka 2007, idadi ya akina mama waliokuwa wakiacha kazi baada ya kujifungua ilipungua kwa nusu. Msomaji wa Tanzania, ambako sheria inatoa siku 84 zenye mshahara, atashangaa kuona kwamba jambo hili lilihitaji makala katika gazeti la wafanyabiashara.

Februari 2014 alikabidhiwa YouTube yenyewe. Alikuta kampuni inayohangaishwa na lengo moja, saa bilioni moja za kutazamwa kila siku, lililowekwa mwaka 2012. Mwaka huohuo wa 2012 mashine ya mapendekezo iliacha kuhesabu mara ngapi video imefunguliwa, ikaanza kuhesabu watu wamekaa nayo kwa muda gani. Lengo lilifikiwa mwishoni mwa 2016. Mwaka 2018 kampuni ilisema zaidi ya asilimia 70 ya muda wa kutazama ulitokana na kile mashine ilichokuchagulia, si kile ulichokitafuta. Alikuta pia mkataba na waandaaji, uliokuwepo tangu 2007, ambao kimsingi ni AdSense iliyovaa video: matangazo yakilipa dola 100, mwenye chaneli anachukua 55.

Asilimia hizo 55 zilikuwa na uzito wa pekee. Wakati Instagram ilikuwa inavuna matangazo juu ya picha za watu bila kuwagawia, na TikTok ilipokuja mwaka 2020 kutenga mfuko wa kiasi maalumu unaogombaniwa na wote, YouTube ilikuwa na mgawo unaokua kadiri biashara inavyokua. Mwaka 2021 Wojcicki aliandika kwamba katika miaka mitatu iliyotangulia kampuni ilikuwa imewalipa waandaaji, wasanii na vyombo vya habari zaidi ya dola bilioni 30. Huo ulikuwa ujira, na watu waliacha kazi nyingine kwa ajili yake. Ndiyo maana ulipotikisika, waliotikisika nao walikuwa na watoto na kodi za nyumba.

Ulitikisika Machi 2017. Gazeti la The Times la London lilionyesha matangazo ya kampuni zinazoheshimika yakitokea juu ya video za wenye itikadi kali, maana yake pesa za kampuni hizo zilikuwa zinakwenda kwa watu hao. AT&T, Verizon, Johnson & Johnson na wengine wakaondoka. Kabla mwaka haujaisha yakafichuka mengine: video zilizojifanya katuni za watoto huku zikionyesha ukatili na uchafu, na mashine ikizipendekeza kwa watoto kwa sababu watoto hawaachi kutazama. Ukichunguza, ni yule tapeli wa 2006 amerudi akiwa amekua. Desemba Wojcicki aliahidi kwamba mwaka unaofuata idadi ya watu wanaokagua maudhui Google nzima itapita 10,000. Ahadi kubwa, kwa huduma iliyokuwa inapokea saa 400 za video kila dakika.

Uamuzi uliowagusa wengi ulitangazwa Januari 2018 na kuanza tarehe 20 Februari. Chaneli yoyote isiyo na watu 1,000 waliojiandikisha na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ilitolewa kwenye mgawo. Miaka 15 baada ya AdSense kumfungulia mlango mwenye wasomaji wachache bila kumuuliza lolote, aliyeufungua aliuwekea komeo. Kampuni ilieleza kwamba wengi wa walioathirika walikuwa wakipata chini ya dola 100 kwa mwaka. Ni kweli, na kwa mhasibu wa San Bruno, yaliko makao makuu ya YouTube, ni pesa ya kupuuza. Nadhani hapa alikosea kwa kupima umuhimu wa pesa kwa mizani ya mahali alipokaa yeye. Ila sioni pia angewakagua vipi mamilioni waliokuwa mlangoni, na wenye matangazo wameshanyanyua miguu.

Tarehe 3 Aprili mwaka huo mwanamke mmoja mwenye chaneli, ambaye polisi walisema alikuwa na hasira na sera na utendaji wa YouTube, aliingia na bastola kwenye makao makuu hayo ya San Bruno, akajeruhi watu watatu kwa risasi na kujiua.

Kwa Afrika Mashariki mwaka 2018 ulikuwa wa makomeo mawili. Chukua msanii chipukizi wa Mbagala mwenye wimbo wa dakika nne. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Wimbo wake utazamwe mara 60,000 mwanzo hadi mwisho, bila mtu kuruka, ndipo aruhusiwe hata kuomba. Mwezi mmoja baada ya sharti hilo, serikali ya Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizowataka wenye blogu na televisheni za mtandaoni kusajiliwa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kwa ada zilizofika zaidi ya shilingi milioni mbili, karibu dola 930. California ilimwambia hajatosha, Dar es Salaam ikamwambia alipie kibali. Vyumba vidogo vya kurekodia mahojiano, vyenye kamera moja, meza na bango nyuma ya kiti, vilifungwa au vikaenda kufanya kazi chini ya jina la aliyekuwa na leseni.

Waliovuka walivuka kwelikweli. Chaneli ya Diamond Platnumz ilipita mitazamo bilioni moja mwaka 2020, na menejimenti za wasanii wa Bongo Fleva zilianza kuhesabu YouTube kama chanzo cha mapato badala ya bango la kujitangazia shoo. Lakini mnada uleule wa 2003 bado unaendelea chini ya kila video. Mwenye tangazo hulipa zaidi kumfikia mtazamaji wa Ohio kuliko wa Tandale, kwa hiyo mitazamo milioni moja ya nyumbani huleta pungufu sana kuliko milioni moja ya ughaibuni. Mameneja wanalijua hilo, na ndiyo sababu moja ya kolabo nyingi na Wanigeria na Wamarekani. Tangu Juni 2021 likaongezeka la kodi: YouTube ilianza kukata kodi ya Marekani kwenye mapato yatokanayo na watazamaji walioko Marekani, na kwa kuwa Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi na nchi hiyo, makato ni asilimia 30. Asiyejaza fomu angeweza kukatwa asilimia 24 ya mapato yake yote, popote watazamaji walipo.

Ndani ya kampuni Wojcicki alisifika kwa utulivu. Hakuwa mtu wa jukwaani, hakupenda kugombana hadharani, na kila sera ilipitia mikutano mingi. Wakosoaji waliuita utulivu huo uzito wa kuamua, na mara kadhaa walikuwa na hoja. Suala la watoto liliburutwa mpaka Septemba 2019, Google na YouTube zilipokubali kulipa dola milioni 170 kwa wasimamizi wa biashara wa Marekani kwa kukusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi, na hiyo ilikuwa miaka minne baada ya yeye mwenyewe kuzindua YouTube Kids. Kwa wenye hisa picha ilikuwa tofauti. Mapato ya matangazo ya YouTube, yaliyofichwa kwa miaka yote hiyo, yalitangazwa kwa mara ya kwanza Februari 2020: dola bilioni 15.1 kwa mwaka 2019. Mwaka 2021 yalikuwa bilioni 28.8.

Kilichomwandama mwishoni kilikuwa video za sekunde chache. TikTok ilimlazimisha kuleta Shorts, iliyojaribiwa kwanza India Septemba 2020, na swali likawa lile analolijua kuliko yeyote: hizi fupi, ambazo tangazo halibandikwi juu ya video moja bali hupita kati ya nyingi, zitagawanywaje? Jibu lilianza kutumika tarehe 1 Februari 2023. Pesa za matangazo zinakusanywa pamoja, muziki unatolewa fungu lake, na katika kinachowaangukia waandaaji kila mmoja anabaki na asilimia 45 ya fungu lake.

Tarehe 16 ya mwezi huohuo alitangaza kung'atuka, akitaja familia, afya na mambo yake binafsi. Nafasi ilikwenda kwa Neal Mohan, aliyeingia Google kwa mlango wa DoubleClick. Wachache walijua kwamba mwishoni mwa 2022 alikuwa amegundulika na saratani ya mapafu, mtu asiyewahi kuvuta sigara na aliyekuwa bado anakimbia maili kadhaa kwa siku. Mwaka wake wa mwisho ulikuwa na msiba mwingine: Februari 2024 alimzika mwanawe aliyekuwa chuo kikuu. Alifariki tarehe 9 Agosti 2024, akiwa na miaka 56. Barua aliyoiacha, iliyochapishwa Novemba, ilihimiza fedha zaidi kwa utafiti wa saratani ya mapafu kwa wasiovuta sigara.

Mwaka ule aliong'atuka, Bunge la Kenya lilijadili Muswada wa Fedha uliopendekeza kodi ya zuio ya asilimia 15 kwa wanaoingiza pesa kwa maudhui ya mtandaoni. Waandaaji walipiga kelele, wakaenda mbele ya kamati wakiwa na hesabu zao. Sheria ilipotoka, kiwango kilikuwa asilimia 5 kwa wakazi, na kinahesabiwa juu ya mgawo uleule wa 55.